Tawi Nililolifunga Nyuma ya Baiskeli

Kijiji changu kiko juu sana katika milima ya Usambara, mahali ambapo mwezi wa saba watu wanalala na makoti na asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni. Nimeondoka huko miaka mingi. Sasa naishi Johannesburg na binti yangu, ambaye ni fundi cherehani, na mjukuu wangu wa kike aliyezaliwa hapa hapa. Mjukuu anasoma chuo pale Doornfontein, karibu na chumba ambacho mama yake anashonea. Kiswahili anakisikia chote, ila ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Mimi niliishia darasa la nne, lakini Kiingereza chake nimekizoea, na maneno yake hapa nayaandika kwa lugha yangu.

Huyu mjukuu ana chama na wenzake cha kuendesha baiskeli. Kila Jumamosi wanapanda vilima vya Observatory, hapa hapa mjini, wanashuka, wanapanda tena, wala hawajatumwa na mtu. Mwaka huu waliamua kwamba likizo ya Desemba waende kwetu, wazunguke njia za milimani siku saba, na yeye awe kiongozi kwa sababu ndiko asili yake. Jioni moja akakaa nami mezani, akafungua ramani kwenye simu, akataka nimtajie njia za kuandika katika kijitabu chao.

Nikamtajia. Iko njia ya msituni, ina kivuli na siafu, usisimame. Iko ya majabalini, ukifika mwisho wake unaliona bonde lote chini na reli imelala kama uzi, na hapo upepo unaweza kukuchukua kofia na usiione tena. Iko ya mashamba ya mapeasi, hiyo hata mimi ningeipita leo. Yeye anaandika, anauliza kila moja ina kilomita ngapi.

"Kilomita sizijui," nikamwambia. "Na kwetu hakuna aliyezunguka kwa baiskeli. Baiskeli ilikuwa ya kushukia. Inashuka na kabichi mpaka sokoni, inarudi juu ya lori."

"Na njia aliyofia Babu? Ile ya sokoni? Nimeiangalia, ina kona kumi na moja. Hiyo tutaiweka siku ya mwisho."

"Hiyo iache. Desemba ina mvua, na udongo wake ni mwekundu, unateleza kama sabuni."

Akacheka. "Bibi, breki zangu ni za mafuta, hazina waya. Haziwezi kukatika kama za Babu."

Nikaondoka mezani nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Habari ya breki kukatika ni mimi niliyeileta. Nilimwambia mama yake akiwa mdogo, naye akamwambia mwanawe. Ndiyo maana nyumba hii yote inaogopa breki. Binti yangu hajawahi kumkatalia mtoto fedha ya breki. Atakosa viatu, breki atapata. Na sasa mtoto huyo alikuwa anataka kuiteremka njia ile kwenye utelezi, na watu nyuma yake, akiamini kwamba jambo lililomuua babu yake yeye ameshalimaliza dukani.

Siku mbili sikula vizuri. Binti yangu akadhani sukari imepanda. Nilikuwa najiuliza kama naweza kumzuia mtoto bila kusema, nikaona siwezi. Ukimwambia mtoto wa siku hizi "usiende" bila sababu, umemfungulia mlango.

Jumamosi asubuhi nikamwambia achukue baiskeli twende wote Observatory, mpaka juu ya ule mtaa wa mteremko anaoupenda. Tulipanda taratibu, yeye anasukuma baiskeli, mimi nashika kuta za watu. Kule juu walikuwa wamepunguza miti ya barabarani na kuacha matawi kwenye nyasi. Nikachagua moja bichi, nene kama mguu, na majani yake yote. Nikalivuta.

Mlinzi wa geti lililo karibu, Mkongo wa Bukavu ambaye hunisalimu kila nikipita, akasimama kutoka kwenye kiti chake.

"Bibi, ile muti unapeleka wapi? Huku banapikaka na umeme."

"Sipiki. Nafunga breki."

"Breki ya muti? Eish. Bibi, kwetu pia milima iko, lakini hii sijaonaka."

"Basi leo utaona. Kaa chini."

Nilikuwa na kamba ya mpira mfukoni. Nikamwambia mjukuu wangu ashike usukani, atazame mbele, asigeuke hata kidogo. Nikapiga magoti nyuma ya baiskeli nikalifunga tawi. Vidole vyangu havina nguvu tena, lakini fundo vililikumbuka.

"Sasa niulize: zito?"

"Kwa nini?"

"Niulize."

"Zito?" akauliza, kwa Kiswahili.

"Zito," nikajibu. Halafu nikamweleza, nikiwa bado nimepiga magoti, kwa sababu nilijua nikisimama sitasema.

Nilimwambia hivi. Kwetu breki za chuma hazikuaminiwa na mtu mwenye mzigo. Baiskeli ikishapakiwa, magunia yanampita mwenyewe kichwa, akigeuka tu, inaanguka. Kwa hiyo mume anashika usukani na kutazama mbele, na mke ndiye anayekata tawi na kulifunga nyuma liburuzike chini na kuzuia mwendo. Lazima liwe bichi, ndilo zito. Mume anauliza bila kugeuka, mke anajibu, mume anaachia. Haangalii. Neno la mke ndilo breki yake. Na likifika bondeni, tawi hupewa ndugu walio chini, waliweke likauke, liwe kuni.

Dada yangu aliishi bondeni. Wiki ile alikuwa amejifungua, na masika ilikuwa imelowesha kila kitu, hana kuni ya kuwaka. Alituma mtu kuniambia moshi unamuua yeye na mtoto. Mimi nilikuwa na tawi moja kavu la mkaratusi nimelificha darini kwangu. Nikasema, likishuka leo, leo leo atapika. Nikalifunga. Babu yako akauliza, "Zito?" Nikamjibu, "Zito."

Lilivunjika kona ya tatu. Nilikuwa nashuka kwa miguu nyuma yake, nikafika wa kwanza. Yeye alikuwa ameshakwisha, na kabichi zimetapakaa mpaka mtoni. Watu walipoanza kushuka, nilikuwa nimeshaokota vipande vyote vya lile tawi na kuvifunga mgongoni kwa kanga. Wakaangalia baiskeli, wakaona waya wa breki umekatika, kama ambavyo waya wowote ungekatika kwa kuanguka vile. Wakasema breki. Nikasema ndiyo, breki. Vile vipande nilimpelekea dada yangu. Alipikia uji. Mpaka anakufa hakujua.

Mjukuu wangu alikuwa hajageuka. Nilimwambia asigeuke na hakugeuka. Niliona mgongo wake tu, na mikono imekaza usukani kama kwamba mzigo upo kweli. Mlinzi alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama viatu vyake.

Kisha mjukuu wangu akailaza baiskeli chini polepole, akaja nyuma, akachuchumaa kando yangu. Hakunishika. Akalivuta lile fundo kwa mkono wake, mara moja, mara mbili. Akalipima tawi kwa kulinyanyua.

"Bibi, ulitaka kuni za mtoto," akasema.

"Nilisema uongo. Kuni ni jambo lingine."

Akaliweka tawi chini, akasema, "Njia ile tutashuka kwa miguu. Nitaandika hivyo."

"Andika na sababu."

"Mama anajua?"

"Hajui. Alikuwa na miaka miwili."

"Nani atamwambia?"

"Mimi. Leo."

Nilitaka kulifungua tawi, akanizuia. Akainua baiskeli, akashika usukani, mimi nikashika kiti, tukaanza kushuka. Tawi lilikwaruza lami nyuma yetu. Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu nilipokuwa mwanamke kijana. Kwenye roboti, yaani taa za barabarani, magari yalitusubiri na dereva mmoja akatupigia honi. Mjukuu wangu hakuongeza mwendo.

Tulifika Doornfontein jua limeshapanda. Binti yangu alikuwa peke yake katika chumba chake cha kushonea, anashona shati la mtu kwa cherehani ya umeme. Akatutazama sisi, akatazama baiskeli, akatazama majani yaliyochakaa mlangoni pake.

"Mama, huo mti wa nini?"

"Zima kwanza cherehani," nikamwambia, "na mtoto akae hapa asikie mara ya pili."