Vigelegele kwa Mfalme wa Panya

Mtu akinikosea mimi mwenyewe, nanuna siku mbili, yanapita. Akimkosea mwanangu, namwekea kinyongo. Mwalimu anayemfundisha binti yangu bale, ile ngoma ya jukwaani ya Wazungu, nilimwekea mwaka mzima, na sisemi hivi kwa kutubu.

Kila Desemba shule yake ndogo huku Ulaya, mtaa wa Saint-Gilles, huonyesha ile bale ya Krismasi ambayo mji mzima unaijua. Binti mmoja wa hadithi anapewa mwanasesere wa mbao wa kupasulia njugu, panya wanavamia sebule, mwanasesere anapigana na mfalme wao na kumuua, kisha binti anapelekwa nchi ya peremende. Wazazi wanaipenda kwa sababu watoto wao wanakulia ndani yake. Mdogo huanza na panya, baadaye anakuwa theluji, halafu ua, na mmoja wao siku moja anakuwa yule binti. Bibi aliyewahi kuwa theluji huja kumtazama mjukuu wake aliye theluji, analia. Hata mimi, mtu wa Bukavu niliyekulia kwenye kwaya, ilininasa. Lakini mwanangu alicheza panya, akacheza panya tena, wenzake wakipanda.

Mwaka ule alikuwa anawashinda wote. Wazazi wengine walisema wenyewe. Nafasi zilipotangazwa, akapewa mfalme wa panya. Nikamfuata mwalimu kwenye korido.

"Ana nguvu, maman, anaruka vizuri," aliniambia huku akitabasamu. "Lakini yule binti ni wa nyumba ya Ulaya ya zamani. Watu wanataka kuiona hadithi ilivyo. C'est la tradition."

Nilirudi nyumbani, mtaa wa Anderlecht, nikakaa na simu yangu nikaisoma hiyo desturi yake. Kumbe bale yenyewe ilipoonyeshwa mara ya kwanza kule Urusi, zaidi ya miaka mia iliyopita, wajuzi wa mambo waliiponda: watoto wengi mno jukwaani, mchezaji mkuu anachelewa kutokea. Nje ya Urusi ilikaa miaka mingi bila watu kuijali. Na kila aliyeiokota baadaye aliibadilisha alivyotaka. Huyu kamwongezea binti umri, yule kahamisha nyumba, mwingine kapunguza ngoma. Imedumu hadi leo kwa sababu inakubali kubadilishwa. Basi mwanamke yule hakuwa akilinda desturi yoyote. Hakutaka tu kuona mtoto mweusi ndani ya gauni jeupe la yule binti.

Sikubishana naye. Nilikwenda kwa mamans wa kikundi chetu cha maombi, nikawachukulia viti mstari mzima.

"Mumushangilie panya ya taji," niliwaambia. "Ule ndiye mutoto wangu."

Hadithi yenyewe sikuwaeleza, na nashukuru sikuwaeleza. Kanisani kwetu mchezo wa Krismasi unachezwa na wote. Mfalme mbaya akiingia anazomewa, na mchungaji wa kondoo akisahau maneno anakumbushwa kutoka kwenye benchi.

Walikuja wamevaa kitenge cha sare. Mwanangu alipotokea na taji lake, wakapiga vigelegele. Ukumbi mzima uligeuka. Mwalimu, amesimama kando ya jukwaa, akaweka kidole mdomoni kututaka tunyamaze. Nikamtazama machoni, nikapiga kingine. Ndipo yule binti akamrushia mfalme wa panya kiatu, upanga wa mwanasesere ukashuka, na mwanangu akaanguka chali.

"Eh! Juu ya nini bamemuangusha?" Maman mkubwa wa kikundi, ambaye hajawahi kuingia ukumbi wa bale maisha yake yote, alisimama akidai sababu. "Simama, mutoto! Simama!"

Mstari wote ukasimama naye. "Simama!"

Mwanangu akainua kichwa, kisha akasimama. Muziki wa spika uliendelea, mwanasesere wa mbao akabaki na upanga wake hajui aufanyie nini, na mfalme aliyekufa akaruka, akazunguka, akaruka tena, jukwaa lote likawa lake. Watu walipiga makofi, hata wale mabibi. Mwalimu aliiva uso mwekundu mpaka shingoni. Nilifurahi, nilifurahi sana.

"Umeiharibu bale, madame," aliniambia mlangoni.

"Hata walioiona ya kwanza walisema ni mbaya," nikamjibu.

Oktoba iliyofuata akapiga simu. Wazazi walikuwa wanamuuliza kama panya yule atarudi.

"Alors, nimefikiri," alisema kwa sauti ya asali. "Mwaka huu mwanao ndiye awe yule binti."

Simu ile nilikuwa nimeingoja. Nilifungua spika nikampa mwanangu ajibu mwenyewe, ili furaha yake imkate mwalimu maini.

"Non merci, Madame," mwanangu akakataa. "Yule binti, sehemu ya pili yote anakaa kwenye kiti anatazama wenzake. Mimi nataka kucheza."

Nusura nimnyang'anye simu. Nafasi ile niliitafuta kwa udi na uvumba, naye anaitupa! Kisha nikasikia kimya cha upande wa pili. Kumbe kukataliwa ndiko kulikomkata maini. Nikasogeza sikio karibu, nikakisikiliza chote.