Mtalii Nyumbani kwa Baba

Mwaka ule niliponunua gari nilijifanya mtalii katika nchi niliyozaliwa. Usicheke. Niliwapakia mke wangu na watoto wawili kutoka Nakuru, nikawaambia nawapeleka Homa Bay kuona ufuo wa ziwa na bonde la Lambwe, mahali ambapo hata majirani zetu wajuaji hawajawahi kukanyaga. Nilinunua na kofia ya kuzuia jua. Kofia! Mimi niliyechunga mbuzi kwenye vilima vile tumbo wazi.

Asubuhi ya kwanza tulizunguka mbugani. Tuliona twiga, tukamwona na korongo, yule mnyama mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma, ambaye Kenya nzima hapatikani kwingine. Nilimweleza mke wangu mambo yake utadhani nimelipwa. Saa sita mchana nikasema, haya, sasa tupite kwetu tuwasalimie, tule, halafu tuwahi boti ya kwenda kisiwa cha Takawiri. Ndivyo nilivyopanga: nyumbani kwa baba pawe mahali pa kula chakula cha mchana.

Hapa lazima nieleze jambo, la sivyo utaniona mtu mwema. Kwetu Wajaluo, watoto wa kiume hutoka kwa baba yao kwa foleni. Mimi ndiye wa kwanza. Mpaka nitoke nikaanzishe boma langu, mdogo wangu hawezi kuanzisha lake. Akinitangulia, amenivuka, na watu wetu huamini kwamba kifo hufuata. Unaweza kubisha. Mimi nimesoma, nimebisha sana, tena nikiwa nimekaa kwenye kochi Nakuru. Aliyeishi na mwiko wenyewe ni mdogo wangu, na mke wake, na watoto wao wanne, wote katika kibanda cha chumba kimoja alichojenga akiwa kijana.

Na kumtoa humo kulihitaji nini? Siku moja. Baba anatangulia na shoka alfajiri, mtoto wangu wa kiume anabeba jogoo, mke wangu anabeba moto. Nyumba inasimamishwa siku hiyo hiyo, hata iwe ya mabati matupu, na usiku tunalala ndani. Basi. Hakuna kingine.

Tulipofika, mdogo wangu alitukuta langoni. Mke wangu si wa kwetu, kwa hiyo alimkaribisha kwa Kiswahili. "Shemeji, karibu sana. Hapa ni kwako pia, usione haya." Alicheka, akambeba mtoto wetu mdogo mabegani. Uani kulikuwa na rundo la nguzo zilizochongwa vizuri na mabati mapya yamefungwa kwa kamba. Kando yake jogoo mwekundu alikuwa amefungwa mguu. Watoto wangu walipanda juu ya zile nguzo, nikawapiga picha.

Baba alikuwa amekaa sebuleni kavaa koti, jua lote lile. Shoka lilikuwa limeegemezwa ukutani karibu na goti lake. Nililiona. Wallahi nililiona, nikajitia hamnazo nikamuuliza habari za ng'ombe.

Tulipomaliza kula samaki, mdogo wangu alinigeukia, akasema kwa Dholuo, lugha yetu, "Omera, nimeandaa kila kitu. Nguzo ni zako. Laleni leo, kesho mapema baba atutangulie, usiku wa kesho mlale kwenu. Keshokutwa nendeni mnakotaka." Omera maana yake ndugu yangu, na jinsi alivyolitamka neno lile, mtu mwingine angelia. Mimi nilitazama saa. Nikamwambia chumba cha Takawiri kimeshashikwa, boti inangoja, tutafanya Desemba.

"Anasemaje?" mke wangu akauliza.

"Anataka tubaki tule na cha jioni."

"Si tubaki basi? Watu wamejitayarisha hivi."

"Tutachelewa," nikasema. Mke wa mdogo wangu alikuwa anasikia Kiswahili vizuri kabisa. Alikusanya sahani akatoka nje.

Takawiri kuna mchanga mweupe, nakubali. Kuna minazi pia, na wanawake wanaanika dagaa wa omena huku wakiongea lugha ya mama yangu. Mhudumu akaniuliza natoka wapi. Nikamjibu Nakuru. Tulilala siku mbili kwenye kitanda chenye neti kubwa, na nilipolala nilihesabu ni wangapi wanaolala kwenye kile kibanda. Sita. Hesabu ya mtoto wa chekechea, na bado sikurudi.

Desemba ilifika, nikawa na shughuli. Ya pili nikawa na shughuli. Mchwa wakala nguzo. Mdogo wangu hakunisema kwa mtu, hilo ndilo linaloniuma. Alinunua kiwanja mbali, upande wa Migori, akaenda kujenga kwenye ardhi isiyo ya baba, bila baba kumtangulia. Mzee akabaki peke yake na shoka lake. Mvua zilizofuata akafariki.

Nilikuja kuzika, na kwa kuwa sikuwa na nyumba pale kwetu, nikalala gesti ya Mbita. Mtoto wa kwanza wa marehemu, gesti! Shangazi zangu walinitazama nikiingia asubuhi na kofia ile ile. Mke wangu naye alikuwa ameshaambiwa ukweli wa siku ile ya nguzo na mke wa mdogo wangu pale jikoni. Akakataa kurudi nami. Alisema atabaki wiki nzima awasaidie, na atalala kwa majirani.

Kwa hiyo mimi na mdogo wangu tulisafiri wawili tu hadi Migori, nikimrudisha kwake. Njia nzima nilimwomba msamaha kwa Dholuo. Nikamwambia nitajenga, mwaka huu huu, aniandalie nguzo nyingine. Alitazama dirishani mpaka tukafika kwenye nyumba nzuri ya matofali yenye ua wa michongoma. Akashuka, akafungua lango, akasimama upande wa ndani. Hapakuwa na mke wangu wala mgeni yeyote asiyejua Dholuo.

"Karibu, mgeni wetu," akaniambia kwa Kiswahili. "Kunywa chai kwanza, halafu uwahi kabla giza halijaingia. Hoteli nzuri iko hapo mjini."