Mkia wa Mwanakondoo wa Fedha

Nikisikia harufu ya ukwaju wa kusugulia vyombo vya fedha, hofu yangu ya zamani hurudi: je, ni mimi niliyeharibu kikombe cha kanisa? Nilikuwa na miaka tisa, wakati wa Mwingereza, na swali hilo lilininyima usingizi siku tatu. Msinicheke. Hata sasa, pamoja na shahada yangu, barua ya mistari minne naisoma mara saba kabla ya kuituma.

Akina mama wa kanisa letu walitoa bangili zao za fedha ziyeyushwe, kitengenezwe kikombe cha Meza ya Bwana chenye sura ya Mwanakondoo. Baba alinichukua hadi Dodoma mjini kwa Fundi Kanji, sonara wa Kihindu, ambaye duka lake lilinukia ukwaju. Baba alipotoka kununua chumvi, Fundi alinipa chaki na kibao.

"Binti, huyo kondoo wenu wa kanisani mimi sijamwona. Nichoree."

Nikamchora kondoo wa babu, mkia mnene ukining'inia kama kibuyu.

Kazi ilipokwisha tulikwenda na Padre, Mwingereza mrefu mwenye haraka. Alikigeuza kikombe, uso ukamwiva. "Mkia mnene hivi ni dhihaka; kondoo ana mkia mwembamba. Kiyeyushwe."

Fundi alinitazama mara moja tu. "Kosa langu, Padre. Nitaanza upya."

Nikisema, Baba ataaibika? Nikinyamaza, nitakuwa nimesema uongo? Na kondoo wa babu, wana dhambi gani?

Siku ya tatu akina mama walikwenda kushuhudia fedha yao ikiyeyushwa, isije ikapungua. Bibi alinishika mkono. Makaa yalikuwa mekundu.

"Kwani kikombe kina nini?" Bibi akauliza.

"Mkia, mama," Padre akajibu.

"Ulitaka mwembamba? Huo si wa mbwa?"

Akina mama wakacheka chinichini. Padre hakucheka.

Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba sonara anayedhaniwa kukejeli dini ya wateja wake hupoteza wateja, na kwamba Fundi Kanji alikubali hilo ili mtoto wa watu asigombezwe. Siku ile niliona tu koleo lake likielekea motoni na kikombe.

Niliuachia mkono wa Bibi.

"Shikamoo, Padre. Nilichora mimi. Kondoo wetu wote wako hivyo."

Nikakichomoa kikombe kwenye koleo. Kilikuwa bado baridi. Nilikikumbatia, na hakuna aliyeniambia nikirudishe, hata Padre.