Walitaka kumwaga mawe ya mgodi kwenye bustani yangu, nikahama na udongo wangu

Wakuu, nawasalimu kutoka Kolwezi.

Mi ni mzee. Shule niliacha darasa la tatu, na uzi huu nauandika kwa kidole kimoja. Kiswahili changu ni cha Katanga, anayetaka kusahihisha asahihishe cha kwake. Ila ninayoyasema yalinipata mi mwenyewe, na sikuongeza chumvi.

Nimesoma humu vijana wakifundishana jinsi ya kufanya nyumba iwe rafiki wa mazingira. Huyu anasema nunua taa hii, yule anasema nunua pipa la rangi tatu. Kila kitu nunua, nunua. Nilicheka mpaka chai ikanimwagikia.

Kuna kitu kimoja hakinunuliwi: kujua cha kukikataza mlangoni. Mi kilinigharimu nyumba.

Ilikuwa miaka ya Zaïre, wakati kila mtu anaitwa citoyen, yaani mwananchi, hata yule unayetaka kumtukana. Nilikuwa nafunga matairi kwenye kampuni ndogo iliyobeba mawe ya migodi. Msiitafute, ilikufa zamani. Ilitupa nyumba kwenye camp yake upande wa Musonoi. Vyumba viwili, bati juu, na lupango nyuma. Lupango kwetu ni kiwanja cha nyumba.

Bibi yangu, yaani mke wangu, mama Kapinga, ni Mkasai, mtu wa Kasai. Wazazi wake waliletwa huku kwa kazi ya mgodi. Yeye ndiye alianza mambo ya bustani. Maganda ya ndizi na ya mihogo yalienda shimoni, hayakutupwa barabarani. Maji ya kuoshea sahani yalienda kwenye migomba. Mbabula, yaani jiko letu la makala au makaa, aliipaka udongo wa kichuguu ndani, ikakaa na moto muda mrefu. Gunia la makala la jirani linaisha, letu bado lina tumbo.

Hakuna aliyemfundisha hayo semina. Alikuwa na watoto sita na mshahara wa mfunga matairi. Basi.

Sasa niwaambie ujinga wangu, maana mwenye kusema ukweli aanze na wake.

Mwaka mmoja nilitaka kumzidi bibi yangu. Nilipakia kwenye baiskeli magunia manne ya udongo kutoka lundo la mgodi. Udongo mzuri wa kuangalia, una kijani kijani ndani. Nikaumwaga kwenye tuta la maharagwe.

Mama Kapinga akashika kiuno, akaniita tata, yaani baba. "Tata, ile njo nini?"

"Bulongo ya mali hii. Inalisha Zaïre muzima, itashindwa kulisha maharagi yako?"

"Inalisha Zaïre," akasema. "Siye haitujui."

Maharagwe yalitoka na majani ya njano, kama mtoto mwenye homa. Yakasimama kidogo, yakalala. Niliyapanda tena, yakalala tena.

Na aibu yangu ni hii: nilijua! Kila mtoto wa huku anajua kwamba ukiona kilima kipara, miti imekataa kuota, chini kuna shaba. Nkambo yangu, yaani babu, alinionyesha vilima hivyo ningali uchi. Lakini nilivaa kofia ya kampuni nikasahau. Niliondoa udongo ule kwa mikono, kikapu kwa kikapu, na bibi yangu hakunisaidia hata kimoja. Alikuwa na haki.

Mwaka uliofuata, chef wa camp, yaani mkuu wake, akatuita siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi. Kijana msomi, abacost yake, ile suti ya Zaïre isiyo na tai, imepigwa pasi mpaka inakata. Akasema wakubwa watakuja kutembelea camp. Matope yote yafunikwe. Kila lupango litamwagiwa mawe madogo kutoka lundo la mgodi, mbele na nyuma. Bustani zing'olewe, maana bustani ni mambo ya kijijini.

Watu wakapiga makofi. Msiwalaumu, matope ya Musonoi wakati wa mvua yanakuvua kiatu.

Mi nikanyoosha mkono. "Chef, mawe ile iko na sumu. Mi nilijaribu, maharagi yote ikakufa."

"Citoyen, weye uko na diplome gani?"

"Ya matairi."

Watu walicheka. Na mi nilicheka kidogo. Lakini nilimwambia mbele ya wote kwamba kwangu mawe hayaingii.

Jirani yangu, baba mmoja tuliyekula naye bukari, ugali wetu, kila Jumapili, akaninong'oneza: "Tata, acha kichwa nguvu. Nyumba ni ya kampuni."

Kweli. Nyumba ilikuwa ya kampuni. Hilo ndilo nililiwaza wiki nzima. Watoto sita, na mwanaume anabishana juu ya matembele!

Lori likaja. Dereva wake alikuwa mwenye lori pia, tata Ramazani, Mwislamu wa familia za Kasongo, mtu wa mzaha. Alishazimwagia mawe nyumba zote za mstari wetu. Alipofika kwangu alinikuta nimeketi kwenye kiti katikati ya njia ya kuingilia. Mama Kapinga nyuma yangu, na mwiko wa bukari mkononi.

Chef akapaza sauti: "Mwaga!"

Ramazani akatoa kichwa dirishani. "Nimwage juu ya muntu? Mi niko mubeba mizigo, haiko muzika bantu."

"Citoyen, toka pale!"

"Sitoki," nikasema. "Njoo unitoe weye."

Hakuja. Aliangalia ule mwiko. Ramazani akazima gari, akashuka, akachukua kopo lake la maji. "Saa ya swala imefika. Muningoje, nikimaliza mutakuwa mumesikilizana."

Wakuu, sijawahi kuona mtu akiswali taratibu vile. Alipomaliza, chef alishaondoka kwenda kuandika barua.

Barua ikaja Jumatatu. Mi kusoma kwangu ni kwa shida, binti yangu mkubwa akanisomea. Nikubali mawe, au nitoke kwenye nyumba mwisho wa mwezi. Kazi nibaki nayo. Mtoto alipofika neno "nyumba" akalisoma mara mbili.

Nikamgeukia mama yake. Nilitaka aniambie nikubali. Nawaambia ukweli, nilitaka sana.

Akauliza: "Wakishamwaga, utaondoa tena kikapu kwa kikapu?"

"Ile haitaondoka. Ni lori muzima."

"Basi tutoke. Lakini bulongo yangu siiache."

Nilifikiri anasema tu. Kesho yake alikuwa anajaza magunia. Udongo mweusi wa lile shimo la maganda, miaka mingi ya maganda, unanukia kama mvua. Vipande vya matembele, vitoto vya migomba, vyote vimefungwa kwenye majani. Nilipata kiwanja mtaa wa Kasulo, wakati huo ni majani tu na bei ya maneno. Tukahama kwa lori lilelile la Ramazani. Alipakia magunia bila kuuliza, kisha akauliza.

"Mama, ndani iko mahindi?"

"Bulongo."

Ramazani akakung'uta mikono. "Tangu nianze kazi, nilibeba bulongo ya bazungu na ya serikali. Ya mama njo mara ya kwanza."

Camp nzima ilisimama kutucheka. "Muntu anahama na bulongo!" Mpaka watoto walituimbia.

Tulilala chini ya turubai miezi, na mvua ilitupata. Sitawapambia. Kuna usiku nilijiita mpumbavu kwa jina kamili. Lakini nilifinyanga matofali yangu mwenyewe, kuta nene, ndani kuna baridi joto likiwaka. Chini ya bati niliweka mapipa ya kukinga mvua. Upande wa vumbi la mgodi nilipanda miti. Majani makavu sikuyachoma, niliipa migomba.

Msimu wa pili wa mvua, yule jirani wa bukari alikuja kwa miguu kutoka Musonoi. Alikaa, akaangalia bustani, akaanza kusema kwake hakuoti kitu tena. Mama Kapinga hakumngoja amalize. Alimkatia fungu la matembele ya kupanda, akamwambia: "Yapande mu ndoo. Chini usiyapande."

Sasa mnajua Kasulo imekuwaje. Chini yetu kulikuwa na kobalti. Majirani wamechimba uani, jikoni, wengine chini ya kitanda. Siwahukumu, njaa haina masikio. Lakini wamekuja kwangu pia, na maneno matamu, eti mzee, umelala juu ya mali.

Nimewajibu: najua nimelala juu ya nini. Maharagwe yangu ya Musonoi yalishaniambia.

Mama Kapinga amelala makaburini sasa. Migomba ni ileile, vitoto vya vitoto vyake.

Funzo langu, mlichukue au mliache: kabla ya kununua kitu cha kuokoa mazingira, angalia kinachoingia kwenye lupango lako, na ukikijua kuwa kibaya, weka kiti mlangoni ukae. Wakitaka nyumba, wape nyumba.

Haya, wasomi, semeni. Nani kati yenu ameshakataa kitu mlangoni, na alilipa nini? Wanaotaka kunitukana pia karibuni, nimeshaimbiwa na camp nzima.

Ila mjue: katika mtaa huu wote wa mashimo, kwangu kuna shimo moja tu. Ni la maganda ya ndizi.