Aliyebaki Siku ya Kuhamishwa

Mama mkwe wangu, fundi cherehani asiyemung'unya maneno, alimbana afisa aliyekuja kututoa ili barabara ipite.

"Mwanangu, kuhamisha watu maana yake nini?"

"Ni kuwapeleka kwingine na kila kilicho chao, mama."

"Na mume wangu aliyefia chumba cha nyuma, mtampakia gari gani?"

Afisa alicheka. Mimi niliona haya.

Kwenye nyumba mpya alishona akiutazama mlango, akikataa katakata ufungwe, asije marehemu akakosa pa kuingilia. Jana vumbi lilinichosha, nikaufunga kwa komeo.

Mara cherehani ikanyamaza.

"Umechelewa, mzee," alisema, kwa upole ambao sijawahi kuusikia kinywani mwake.

Niligeuka. Mlango ulikuwa wazi.