Tairi mbili za marehemu

Jumanne, baada ya Alasiri.
Dada Zuhura, na nyote mnaonijua,

Leo nusura niiuze vani ya marehemu mume wangu kama chuma chakavu.

Kila nilipokata kona, ilinguruma chini na kukaza kama imeshikwa breki. Nikajua giaboksi imekufa.

Fundi wa Tononoka akalala chini yake, akatoka akicheka.

“Mama, tairi za mbele mpya, za nyuma zimeisha! Vani hii husukumwa na magurudumu yote manne; yasipolingana, giaboksi huvutwa huku na huku. Umeivisha kiatu mguu mmoja, ndara mguu wa pili!”

Nikainama kuzitazama.

Zile za nyuma alizifunga mume wangu mwenyewe, wiki ya mwisho ya uhai wake. Akazipigapiga kwa kiganja, ameridhika. Miaka mitatu sijapata moyo wa kuzitoa.

Nikamwambia fundi hivyo. Akaacha kucheka.

“Niwie radhi, mama. Giaboksi bado nzima. Lakini ukiziacha, zitaimaliza vani yake.”

Nikasema, “Zitoe.”

Amefunga mbili zinazolingana na za mbele. Nimeendesha hadi Mji wa Kale, kona zote hizo, haikunguruma. Alhamdulillahi!

Nanyi, mmeshindwa kuachia nini? Niambieni.

Na mkiswali Magharibi, mtukumbuke, yeye na mimi.