Kichongeo cha Milembe

Nilipokuwa na miaka kumi, jambo la mwisho la kawaida kabla ya dunia kutangaziwa mwisho wake lilikuwa michembe. Bibi yangu Kalunde, aliyenilea, alikuwa ameanika vipande vya viazi juu ya bati la jiko, nami nilikuwa kwenye ngazi nikivigeuza upande wa pili. Ilikuwa Jumanne, katika majuma yale ya joto kabla ya mvua, Tabora nzima inaponuka vumbi. Ndipo Mzee Salumu, fundi cherehani na jirani yetu wa mbele, alipovuka barabara ameshikilia redio sikioni kama mtu anayeumwa jino.

"Bi Kalunde, umesikia? Kesho dunia inakwisha."

"Saa ngapi?" Bibi akauliza.

Swali lile hakulitegemea. Alianza upya, safari hii kwa utaratibu. Huko Ulaya wataalamu walikuwa wamechimba handaki la mviringo chini ya ardhi, refu kiasi kwamba mtu akilizunguka kwa miguu atashinda kutwa. Jumatano wangewasha mtambo humo na kukimbiza chembe ndogo kuliko vumbi, hizi zikienda huku na zile kule, mpaka zigongane. Walitaka kujua ulimwengu ulianzaje. Kuna watu, redio ilisema, walioingoja siku hiyo kwa furaha kama fainali ya mpira. Kuna wengine walioogopa kwamba mgongano ule ungezaa shimo jeusi, dogo mwanzoni, ambalo lingewameza wao kisha likatufikia sisi.

"Afadhali waanze wao," Bibi alisema. "Ndio waliochimba."

"Usicheke, Bi Kalunde."

"Sicheki. Mbu ni mdogo, Salumu, na ndiye aliyenizikisha watoto wawili. Masanja, shuka huko juu."

Nilishuka. Nilikuwa katika umri wa kuamini redio na kumwamini Bibi, na sikuwahi kuwaona wakikubaliana kabla ya siku ile.

Bibi hakulia wala hakupiga magoti. Alinikalisha mkekani akanieleza habari za babu yake, mpagazi aliyebeba pembe za ndovu mpaka pwani akarudi, mara nne, katika njia iliyowameza wenzake wengi. Kila safari, kabla ya kufunga mzigo, alikwenda kwa jirani kuazima kata ya kunywea maji. Alikuwa na yake nyumbani. Aliazima ya jirani kusudi.

"Mwenye kitu cha watu hafi mpaka akirudishe," Bibi alisema. "Njia haimmezi."

"Na shimo jeusi, Bibi?"

Alifikiri kidogo. "Shimo nalo ni njia. Nenda kwa Salumu, ukaniazimie mkasi."

Mzee Salumu alikataa kwanza. Mkasi ule ndio uliomlisha. Kisha akanitazama, akautazama, akasema, "Na mimi nishike nini?" Nikarudi mbio kumletea sufuria yetu ya wali.

Sijui habari ilipitaje, maana hatukumtangazia mtu, lakini ilipofika alasiri mtaa wetu wa ng'ambo ya reli ulikuwa ukibeba vyombo. Mchi ulikwenda kule, pasi ya mkaa ikaja huku. Mwalimu wa kwaya, ambaye adhuhuri alipita akituambia huo ni ushirikina mtupu, alirudi jua likianza kupoa.

"Mama, nilikuwa naomba chumvi kidogo."

"Chumvi hairudi, mwalimu, huliwa," Bibi akamjibu bila kuinua uso. "Azima kitu kinachorudi."

Aliondoka na ungo kwapani, akitazama chini.

Nyuma ya ua wetu wa minyaa aliishi Milembe, binti wa fundi baiskeli. Tulikuwa darasa moja, na yeye alikuwa na kichongeo, kidogo, chekundu, cha chuma ndani, ambacho nusu ya darasa tulikitegemea kwa kubembeleza. Aliniita kupitia pengo la minyaa.

"Masanja! Baba kamwazima bibi yako kinu chetu. Wewe umeazima nini?"

"Sijaazima."

"Basi utakufa peke yako. Sisi tutakuangalia tu."

"Niazime kichongeo."

"Na mimi je? Nikupe kinga yangu halafu nimezwe? Mjanja wewe!"

Sikuwa na kitu changu mwenyewe duniani. Nilijikagua, nikang'oa kifungo cha shati la shule, cha pili kutoka juu, nikampitishia. Alikipima kwenye kiganja.

"Kidogo."

"Na kichongeo ni kidogo."

Akanipa. Nilikifumbata mpaka makali ya chuma yakaniachia alama.

Jumatano tulikwenda shule. Mwalimu alifundisha hesabu za sehemu. Kila wingu lililopita tulilitazama, na Milembe, akiwa dawati la mbele, aligeuka mara kwa mara kuhakiki kama bado nipo. Jioni Mzee Salumu alikuja na taarifa kwamba mtambo ulikuwa umewashwa tangu asubuhi.

"Tangu asubuhi?" Bibi alisema. "Mbona sijasikia kitu?"

"Ndiyo hivyo. Umewashwa na tupo. Nirudishie mkasi, suruali za watu zinanisubiri."

"Tungoje mpaka kesho. Huenda shimo linakuja kwa treni."

Hakuna aliyeijua treni yetu akaweza kupinga hoja hiyo.

Alhamisi asubuhi, basi, ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote. Mtaa mzima ulitoka kurudisha. Watu waligongana mlangoni wakiwa na nyungo na masufuria, wakiulizana, "Umeamka mzima?" "Nimeamka mzima, lete pasi yangu." Mama Milembe, ambaye hakuwa amesema na Bibi tangu ugomvi wa kuku, alikuja kuchukua kinu akakaa mpaka chai ikaisha. Mwalimu wa kwaya aliuleta ungo umeoshwa. Sijawahi kuona watu wakifurahi hivyo kurudishiwa vitu vyao wenyewe.

Milembe alikuja kwenye pengo la minyaa.

"Kichongeo."

"Kifungo kwanza."

"Wewe kwanza."

Hakuna aliyetangulia. Nilikwenda shule nikiwa na shati wazi kifuani, nikachapwa, na sikutaja sababu.

Baadaye nilisoma fizikia chuo kikuu, na sasa naifundisha hapa hapa Tabora. Najua kwamba siku ile mtambo ulizungusha chembe tu, haukugonganisha kitu. Najua pia kwamba chembe zenye nguvu kuliko zile hushuka kutoka angani na kugongana juu ya vichwa vyetu kila siku, na zilifanya hivyo juu ya vichwa vya wapagazi pia. Milembe alikuwa mke wangu niliposoma hayo. Nilimweleza kwa urefu, kwa mchoro.

"Kwa hiyo kilichotuokoa ni nini?" aliuliza.

"Hakuna. Hatukuwa hatarini."

"Basi nirudishie kichongeo changu."

Sikumrudishia. Naye kifungo alikifunga kwenye pindo la khanga, na kila aliponunua khanga mpya alikihamisha.

Bibi alikufa mwaka tuliooana. Wiki moja kabla, alinituma kwa majirani na kila kilichokuwa cha watu ndani ya nyumba, hata kizibo cha chupa. Nilidhani anafanya usafi. Ndiyo maana mwaka huu, Milembe alipokuwa amelazwa, na alasiri moja ya Jumatano akaanza kuhangaika na pindo la khanga kwa vidole visivyo na nguvu, nilijua kinachofuata, nikageukia dirishani.

"Masanja. Shika."

"Sikihitaji."

"Shika, mwenzangu, mkono unachoka."

Nilishika. Kifungo kilikuwa na joto lake.

"Kichongeo nitakuletea kesho," nilisema. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nadhani nilitaka tuwe sawa, asiende na mimi nikabaki na kinga.

Alinitazama kama alivyonitazama kwenye minyaa. "Nani amekwambia ukilete? Kaa nacho. Usiwe na haraka ya kunirudishia."

Hakuifikia Ijumaa.

Msiba ulijaza nyumba yetu vitu vya watu: turubai, viti, masufuria makubwa, sahani zenye alama za rangi kwenye matako ili kila mwenyewe atambue zake. Matanga yalipoanuliwa vyote vilirudi. Wanawake waliviosha, wakavihesabu, wakavibeba. Jioni ile nilizunguka vyumba vyote. Hakikuwapo kitu cha mtu hata kimoja, ila kichongeo mfukoni mwangu, na mwenye kichongeo hangekuja kukidai. Kwa mara ya kwanza niliona namna mtu anavyoweza kuwa amemalizana na dunia.

Nimewaza sana juu ya Bibi tangu hapo. Alizika watoto wawili. Hakuwa mtu wa kudhani kwamba mkasi wa jirani huzuia kifo. Lakini kila mtu mtaani kwetu, Jumanne ile, alilala akiwa na mlango wa kugonga asubuhi, na akijua kwamba wake nao utagongwa.

Asubuhi iliyofuata nilivuka barabara. Mzee Salumu bado anashona, ingawa macho yamepungua na uzi hutungiwa na wajukuu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, Masanja. Pole, mwanangu."

"Naomba uniazime sindano."

Aliona kifungo mkononi mwangu. "Lete hapa nikushonee, ni dakika moja."

"Hapana, babu. Nataka kuazima."

Aliacha kushona. Kisha akapapasa mtoto wa meza, akachagua moja, akaijaribu ncha kwenye kidole gumba.

"Utairudisha lini?"

"Kesho asubuhi."

Niliichomeka kwenye ukosi wa shati, nikaenda kazini.